Somo la Wiki: Mjumbe Hauawi, Lakini Naye Asipunguze Ujumbe



Somo letu wiki hii ni uaminifu, hasa uaminifu wa mtu aliye peke yake, wakati hakuna mwalimu, mzazi wala askari anayemtazama. Tunaomba mlisome pamoja nyumbani. Mtoto asome sehemu moja kwa sauti, mzazi asome inayofuata. Mwishoni kuna zoezi, na majibu tutayajadili darasani.

Methali ya kuanzia

Bila shaka mmeshaisikia methali hii: "Paka akiondoka, panya hutawala." Tazameni kitenzi cha mwisho. Kiambishi *hu-* kinaonyesha jambo la kawaida, linalotokea kila mara. Methali haisemi kwamba panya mmoja alitawala jana. Inasema ndivyo panya walivyo. Je, binadamu naye ndivyo alivyo?

Hapa Sydney paka ni wengi. Stesheni kubwa za treni zina mageti ambayo hayafunguki mpaka ugusishe kadi. Madukani kuna kamera. Lakini nenda kwenye tramu ya Parramatta, ile iliyofunguliwa Desemba 2024 kati ya Westmead na Carlingford. Vituo vyake havina mageti. Kuna nguzo yenye kifaa cha kusomea kadi, basi. Wakaguzi hupita mara moja moja, lakini safari nyingi hakuna anayejua kama umegusisha kadi au umepanda tu. Hapo paka ameondoka.

Wengi wenu mtasema, "Mimi nitagusisha kadi." Vizuri. Nauli ya tramu ni mfano mwepesi. Twendeni sasa mahali pagumu zaidi, mahali ambapo watoto wengi wa jamii yetu hujikuta kila wiki, pengine bila kutambua kwamba hakuna anayewaona.

Mahali pasipo kamera

Tuseme barua imekuja kutoka shuleni kwako. Baba amerudi kutoka kazini, amechoka. Kiingereza chake kinamtosha kazini na dukani, lakini barua hii ina maneno marefu. Anakupa na kusema, "Hebu nisomee, mwanangu. Wanasemaje?"

Barua inasema hujapeleka kazi tatu za nyumbani, na mwalimu anaomba mzazi apige simu kabla ya Ijumaa.

Chumbani mko wawili, lakini anayejua barua inasema nini ni mmoja tu, nawe ndiye huyo. Ukisema, "Wanatangaza mkutano wa wazazi, lakini si lazima kwenda," hakuna kamera itakayokuona wala kengele itakayolia. Baba ataitikia, ataiweka barua juu ya friji, ataenda kulala. Atalala akikuamini.

Watoto wengi wanaokulia ugenini wanaifanya kazi hii ya ukalimani. Mnaifanya duka la dawa, kwenye simu ya kampuni ya umeme, benki, na kwenye lango la shule mama anapozungumza na mwalimu. Mlijifunza Kiingereza upesi kuliko wazazi wenu, nao wanawategemea. Huo ni msaada mkubwa, na tunawashukuru. Lakini ni nguvu pia. Kwa dakika chache, mtu mzima anaona dunia kupitia mdomo wako. Hawezi kuhakikisha. Anachoweza ni kukuamini tu.

Ujumbe unaweza kuharibika mdomoni mwa mkalimani kwa njia tatu.

Njia ya kwanza ni *kuruka*: unasoma sentensi zinazokufaa na kuziacha nyingine. Njia ya pili ni *kuongeza*: shule imesema safari inagharimu dola ishirini, wewe unasema thelathini. Hizi mbili kila mtu anazitambua, hata anayezifanya.

Njia ya tatu ni *kulainisha*, nayo ni ya hatari zaidi kwa sababu hufanywa na watoto wazuri. Tuseme uko na mama kwa daktari. Daktari anasema presha imepanda sana, asiache dawa hata siku moja, na ni lazima arudi baada ya wiki mbili. Unamtazama mama usoni. Unaona ana wasiwasi, nawe unampenda. Basi unasema, "Daktari anasema unaendelea vizuri, ila usisahau dawa." Mama anatabasamu. Unajisikia umefanya wema.

Lakini baada ya wiki mbili mama harudi kwa daktari, kwa sababu hakuna aliyemwambia arudi. Daktari anadhani mgonjwa wake ni mkaidi. Mama anadhani amepona. Kati yao kuna mtoto mmoja aliyekusudia mema, na presha inaendelea kupanda.

Uongo wa upendo nao ni uongo. Mama ana haki ya kuogopa anapokuwa na sababu ya kuogopa, maana hofu hiyo ndiyo itakayomrudisha hospitali.

Neno la wiki: amana

*Amana* ni kitu unachokabidhiwa na mwenyewe ili ukitunze, kisha ukirudishe kama kilivyokuwa. Jirani anasafiri kwenda Mombasa au Bukavu, anakuachia ufunguo wa nyumba: ufunguo ni amana. Mtu anakuwekea pesa zake: pesa zile ni amana. Hazijawa zako kwa sababu tu ziko mfukoni mwako.

Neno hili lilitoka katika Kiarabu, na lina ndugu wengi katika Kiswahili. Someni kwa sauti: *amini, imani, amana, amani, mwaminifu, uaminifu*. Mnasikia herufi zinazojirudia? Maneno haya yote yana mzizi mmoja. Kwa hiyo lugha yetu yenyewe inatufundisha kwamba amana inahitaji imani, na kwamba nyumba yenye watu waaminifu ndiyo yenye amani.

Barua ambayo baba hawezi kuisoma ni amana. Maneno ya daktari ni amana. Yamepita kwako, lakini si yako. Ya daktari ni ya mama, na ya mwalimu ni ya baba. Mkalimani mwaminifu anarudisha chote alichokabidhiwa, kama mlinzi wa ufunguo anavyourudisha bila kuchonga mwingine.

Mkalimani wa zamani: Sidi Mubarak Bombay

Kazi hii si ngeni kwa watu wa Afrika Mashariki. Katika karne ya 19 aliishi mtu aliyejulikana kwa jina la Sidi Mubarak Bombay. Alizaliwa katika kabila la Wayao, akatekwa utotoni na kuuzwa utumwani, akapelekwa India. Huko alijifunza Kihindustani. Baadaye alipata uhuru wake na kurudi Zanzibar.

Mwaka 1857 Waingereza wawili, Richard Burton na John Hanning Speke, walianza safari kutoka pwani kwenda bara kutafuta maziwa makuu, na Bombay akawa mmoja wa wasafiri wao. Mwaka 1858 Burton alibaki Kazeh, karibu na Tabora ya leo, na Speke akaendelea kaskazini. Speke hakujua Kiswahili. Kihindustani alikijua kidogo, kwa kuwa alikuwa askari katika jeshi la Waingereza huko India. Basi kila alichotaka kuuliza kilipitia kwa Bombay: kutoka Kihindustani kwenda Kiswahili, na kutoka Kiswahili kwenda lugha za wenyeji. Jibu nalo lilirudi kwa njia hiyo hiyo.

Fikirini hali ya Speke. Wenyeji wakisema ziwa lile ni kubwa sana na linaenea mbali kaskazini, hana njia ya kuhakikisha. Bombay angeweza kupunguza, kuongeza au kubuni jibu ili wapumzike mapema. Nani angejua? Speke alifika kwenye ziwa lile, akaliita Victoria, na akaamini kwamba ndilo chanzo cha mto Nile. Burton hakukubali. Alizidharau habari zile, akisema zimepita katika vinywa vingi mno. Mabishano yao yalidumu miaka mingi, mpaka wasafiri waliofuata walipoonyesha kwamba kuhusu ziwa lile Speke alikuwa sahihi.

Bombay aliendelea na kazi. Alisafiri tena na Speke, kisha na Henry Morton Stanley, kisha na Verney Lovett Cameron. Jumuiya ya Kijiografia ya Kifalme ya London ilimpa medali ya fedha na baadaye malipo ya uzeeni. Majina ya wasafiri wale yako katika ramani na vitabu vingi, na la Bombay ni wachache wanaolijua. Lakini sehemu kubwa ya yale waliyoyaandika ilipita kwanza mdomoni mwake na kwa wenzake.

Sarufi: maneno madogo yanayoficha

Tuseme sasa umeamua kusema kweli. Bado kuna jambo la kuangalia. Kiswahili kina maneno madogo sana yanayoweza kubadilisha ujumbe bila wewe kusema uongo wowote. Tazameni matatu.

*1. Eti.* Linganisheni sentensi hizi mbili:

"Mwalimu anasema kwamba nimechelewa mara nne."
"Mwalimu anasema eti nimechelewa mara nne."

Idadi ni ile ile. Lakini *kwamba* linapeleka ujumbe tu, na *eti* linamnong'oneza baba, "Usiamini, mwalimu huyu anazusha." Mwalimu hakusema *eti*. Umeliweka wewe.

*2. Tu.* "Nimekosa kazi tatu" na "Nimekosa kazi tatu tu." Barua haikusema kwamba tatu ni chache. Mwache baba aamue mwenyewe kama ni chache au ni nyingi.

*3. Vitenzi visivyo na mtendaji.* "Nimevunja kioo" inamtaja aliyevunja. "Kioo kimevunjika" inataja hali ya kioo tu. Hali kadhalika, "Nimepoteza pesa" na "Pesa zimepotea", "Nimemwaga maziwa" na "Maziwa yamemwagika". Vitenzi hivi vya pili si vibaya. Kama ni upepo uliovunja kioo, "kimevunjika" ndiyo kweli yenyewe. Lakini kama ni mpira wako, kiambishi *ni-* kina kazi ya kufanya, mpe nafasi aifanye. Mtu mwaminifu hajifichi nyuma ya sarufi.

Kanuni nne za mkalimani

Hapa Australia kuna watu wanaofanya ukalimani kama taaluma. Hufanya mtihani wa taasisi iitwayo NAATI, na wana maadili yaliyoandikwa na chama chao, AUSIT. Tumechukua mambo manne kutoka katika kazi yao na kuyaeleza kwa maneno mepesi.

*Kwanza, sema yote.* Usiruke, usiongeze, usilainishe. Yakiwa mengi, mwombe anayezungumza asimame kidogo: "Samahani, naomba nitafsiri kwanza hayo."

*Pili, tenga ujumbe na maoni yako.* Una haki ya kuwa na maoni. Yaseme baada ya ujumbe, na useme kwamba ni yako: "Barua inasema hivi. Sasa mimi naomba nieleze upande wangu."

*Tatu, sema "sijui".* Kuna maneno ya hospitali na ya sheria ambayo hata watu wazima hawayajui. Usibuni. Sema, "Neno hili silijui, ngoja niulize." Mkalimani anayekiri kwamba hajui anaaminika kuliko yule mwenye jibu kwa kila kitu.

*Nne, tunza siri.* Uliyoyasikia kwa daktari wa mama hayaendi uwanjani wala kwenye simu ya rafiki. Nayo ni amana.

Kuna kanuni nyingine inayowahusu ninyi hasa. Mkalimani wa kazi, akiona jambo linamgusa yeye mwenyewe, anapaswa kulisema wazi. Wewe je, barua inapokuwa inakuhusu? Jaribu sentensi hii: "Baba, barua hii inanihusu mimi. Nitakusomea yote, na ukitaka kuhakikisha, tunaweza kupiga simu shuleni na kuomba mkalimani." Sentensi hiyo ni nzito kuitamka. Lakini unamfungulia baba mlango wa kukukagua, ilhali hakuna aliyekulazimisha. Mwenye nia ya kuficha hawezi kuusema mlango huo ulipo.

Na kama tayari umeruka jambo? Methali inasema, "Kufanya kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa." Rudi useme: "Baba, jana sikukusomea yote." Maneno manne tu. Usingoje mpaka shule ipige simu, kwa maana siku hiyo baba atajua kosa lako, na ataanza kujiuliza kuhusu barua nyingine zote ulizowahi kumsomea.

Kwa wazazi na walezi

Wazazi, nasi tuna sehemu yetu katika somo hili.

Wazee wetu walisema, "Mjumbe hauawi." Mtoto akikusomea barua yenye habari mbaya juu yake mwenyewe, na jibu la kwanza likawa kofi au kelele, amejifunza jambo moja: wiki ijayo aruke. Adhabu ya kazi zisizopelekwa inaweza kuwapo, na pengine ni haki. Lakini mtangulize asante. Mwambie, "Umenisomea kweli ingawa ilikuwa ngumu. Hilo nimeliona. Sasa tuzungumze juu ya kazi."

Pili, tusiwabebeshe mizigo isiyo yao. Mtoto kusoma tangazo la shule ni sawa. Mtoto kumwambia mama yake majibu ya vipimo vya saratani si sawa, wala kumkalimania polisini au mahakamani. Hospitali za umma na shule za serikali hapa New South Wales hutafuta mkalimani bila kumtoza mgonjwa au mzazi. Unachotakiwa ni kuomba. Ipo pia huduma ya taifa ya ukalimani kwa simu, TIS National, namba 131 450, inayofanya kazi saa 24 kila siku. Ilianza mwaka 1973, na leo ina wakalimani wa lugha zaidi ya 150, Kiswahili kikiwamo. Jifunzeni kusema maneno mawili tu kwa Kiingereza, jina la lugha yetu na neno la kuomba mkalimani. Watoto watawafundisha.

Tatu, watoto hutusikia tunapodhani hawasikii. Simu inalia, nawe unamnong'oneza mtoto, "Mwambie sipo." Katika treni watoto wa miaka mitatu au chini ya hapo hawalipi nauli, nawe unamwambia wa miaka mitano, "Wakikuuliza, una mitatu." Umeokoa dola chache. Lakini umemwajiri mtoto kuwa mkalimani wa uongo, na somo hilo hatalisahau siku atakapokuwa na barua yako mkononi.

Zoezi la nyumbani

1. Geuzeni sentensi hizi ili mtendaji aonekane: (a) Simu imepotea. (b) Sahani zimevunjika. (c) Mlango haukufungwa.

2. Andikeni sentensi mbili zenye ujumbe mmoja, ya kwanza kwa *kwamba*, ya pili kwa *eti*. Msomeeni mtu wa nyumbani, kisha mwulizeni anasikia tofauti gani.

3. Jadilini pamoja: Mtu dukani amemwambia mama neno la dharau. Mama hakulielewa, naye anakuuliza, "Amesema nini?" Utajibuje? Je, kulificha ni kumlinda mama, au ni kumnyima haki ya kujua? Swali hili lina pande mbili, na si lazima mkubaliane.

4. Wazazi, wasimulieni watoto juu ya mtu mmoja mliyemfahamu nyumbani Afrika ambaye watu walimwekea amana bila hofu. Alikuwa nani? Watu walijuaje kwamba anaaminika?

5. Tafuteni barua au ujumbe wowote wa shule wiki hii. Mtoto atafsiri kwa kufuata kanuni nne. Kila asipojua neno aseme "sijui", na mzazi ahesabu. Atakayekuja na hesabu ya "sijui" kumi tutampongeza darasani, na maneno hayo tutajifunza sote.

Jumamosi ijayo tutaanza na swali la tatu. Njooni na hoja zenu, na wazazi mnaoweza kubaki, mnakaribishwa kukaa nasi darasani.